Nataka kuwa bingwa wa upasuaji wa kongosho na ini, na nataka kubaki Mombasa. Yawezekana?

Mwanagenzi_wa_Likoni

Assalaam aleikum wakubwa kwa wadogo, na wasio Waislamu pia habari zenu.

Mimi ni daktari, chuo nimemaliza, sasa niko intanshipu katika hospitali moja hapa mjini. Zamu yangu kwa sasa ni upasuaji. Juzi nilishika vyuma vya kupanulia tumbo kwenye operesheni ya mzee mmoja wa Kwale. Macho manjano, mkojo rangi ya chai ya rangi, ngozi imejaa alama za kucha kwa kujikuna. Picha ya CT ilionyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho na ikasemekana unaweza kukatwa ukatolewa. Daktari bingwa alipofungua, kabla ya kugusa kitu chochote, alipitisha kiganja juu ya ini lote. Akasimama. Akaniambia, "Hebu weka mkono hapa." Vipele vigumu, vidogo, vingi, ambavyo picha haikuviona. Kongosho hakuligusa. Aliunganisha mfereji wa nyongo na utumbo ili mzee apumzike na ile kuwashwa, akafunga tumbo.

Tangu siku hiyo kazi hii imenikaa kichwani, nami naiogopa vilevile. Nauliza: njia yenyewe ni miaka mingapi, kwa ukweli? Nikishasoma, nitaifanya Mombasa au ndiyo nihamie Nairobi jumla? Na la mwisho, msinicheke, mama ashaanza mazungumzo ya posa. Kuna mwanamke anayeifanya kazi hii na akawa na nyumba yake?

Hospitalini kila ninayemuuliza jibu ni moja: "Fanya macho au ngozi, ulale usiku."

---

Registra_Ugenini

Wa aleikum salaam dadangu. Mimi mtoto wa Changamwe, kwa sasa niko Cape Town namalizia mafunzo ya ini, kongosho na njia za nyongo. Nakujibu swali la miaka tu, mengine wenye umri watayasema.

Miaka 6 ya chuo umeshaimaliza, na intanshipu ni mwaka 1. Baada ya hapo kuna kipindi cha kutafuta kazi ya kaunti, ambacho hakimo kwenye kitabu chochote na hakina urefu maalumu. Ndipo upasuaji wa jumla: ama shahada ya uzamili ya chuo kikuu, miaka 5, ama COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha. Huko ni miaka 2 ya uanachama na 3 zaidi ya kuwa fellow, yaani daktari bingwa. COSECSA haina majengo ya kusomea. Unafundishwa palepale unapofanyia kazi, mradi hospitali iwe imeidhinishwa, na unalipwa mshahara wako. Kisha unaomba nafasi ya ini na kongosho, mwaka 1 au 2, na hapo wengi wetu tunatoka nje: Afrika Kusini, India, Uingereza.

Piga hesabu tangu siku ya kwanza ya chuo: miaka 15 kama mambo yamenyooka. Na yanapinda. Mgomo wa madaktari wa 2016 na 2017 peke yake ulikula siku 100.

Ushauri mmoja: kuanzia leo andika kila operesheni unayoingia. Tarehe, ugonjwa, ulifanya nini wewe kwa mkono wako. Mahojiano ya huku hawakuulizi unapenda nini, wanaomba daftari.

---

Abu_Swaleh

Dada, mimi si mtu wa hospitali, nauza vipuri Bondeni. Nasema kwa upande wa aliyekaa kwenye benchi.

Babangu alianza na maumivu chini ya mbavu za kulia, anakonda, chakula hataki. Zahanati moja ikamtibu taifodi. Akamaliza dawa, wakamtibu taifodi tena. Tulipopata picha, ini lilikuwa na uvimbe kushinda ngumi, na mwengine mdogomdogo umetapakaa. Damu ikaonyesha homa ya ini aina ya B. Tukafungua kikundi cha WhatsApp, jamaa wakachanga, mjomba akauza kiwanja Mtwapa, tukampeleka India.

Kule daktari wa upasuaji alitupokea vizuri, akazitazama picha kwa muda mrefu, akasema hapasui. Wallahi tulikasirika. Tumetoka kwetu na pesa, wewe wasema hupasui? Baba ndiye aliyemuelewa kabla yetu. Akasema arudishwe Majengo, akae na watu wake, na ndivyo ilivyokuwa, Mungu amrehemu.

Sasa swali langu kwako: ukiwa wewe ndiye yule daktari, na mbele yako wamekaa watu waliouza kiwanja, utaweza kuwaambia?

---

Bi_Kibano

Mwanangu wa Likoni, karibu. Na Abu Swaleh, pole sana, swali lako ndilo lililonitoa kwenye kimya changu.

Mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi wa thieta, yule anayesimama mkabala na daktari akimpa vyuma. Nilianza hapahapa Mombasa, kisha nikaenda Uingereza nikakaa miaka mingi kwenye kitengo ambacho hakikuwa na kazi nyingine ila ini na kongosho. Sasa nimestaafu, niko Tudor na wajukuu. Madaktari wa kazi hii nimewatazama usoni kwa karibu, juu ya barakoa, saa sita mfululizo. Wenyewe hawakupata kujiona hivyo.

Nianze na kile unachodhani ndiyo kazi, yaani mkono. Operesheni kubwa ya kongosho inabeba jina la Allen Whipple wa New York aliyeielezea mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alikuwa ameshaifanya Berlin mwaka 1909. Bosi wetu alikuwa akiwahadithia wanagenzi haya wakati wa kunawa mikono, na akimalizia kwa kuwaambia kwamba Whipple mwanzoni aliifanya kwa awamu mbili, siku mbalimbali, kwa sababu mgonjwa mwenye manjano hakuweza kuvumilia yote kwa mara moja. Unatoa kichwa cha kongosho, ule utumbo wa mwanzo uliokizunguka, kibofu cha nyongo na mwisho wa mfereji wake, na pengine kipande cha tumbo. Kisha unarudi kuunga: kongosho na utumbo, mfereji wa nyongo na utumbo, tumbo na utumbo.

Kuna mahali pamoja ambapo thieta nzima hunyamaza. Nyuma ya shingo ya kongosho unapita mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kwenye ini. Daktari anapitisha chuma chembamba kati ya mshipa na kongosho, polepole, kutoka chini kwenda juu, kuona kama vinaachana. Haoni anakokwenda. Redio inazimwa bila mtu kuambiwa. Mimi mkononi nina uzi wa Prolene tayari umeshikwa na koleo, kwa sababu ukichanika mshipa ule hakuna wakati wa kuomba uzi. Ncha ikitokeza juu, watu wanapumua, na mtu wa usingizi anaanza tena habari za mpira.

Sehemu ya ini ina saa yake. Tulikuwa tunafunga utepe kwenye shina linaloingiza damu kwenye ini, mbinu ya James Hogarth Pringle wa Glasgow, ya mwaka 1908. Damu inazuiwa dakika 15, inaachiliwa 5, inazuiwa tena. Kuhesabu ilikuwa kazi yangu au ya mwenzangu. Daktari yumo ndani anakata, hajui dunia, nawe unaita "kumi… kumi na mbili… kumi na nne" na yeye analazimika kukutii wewe. Nilikuwa nikiipenda saa hiyo, sitakuficha.

Mkono unafundishika. Nimewaona vijana walioingia wakitetemeka, baada ya mwaka wanashona kongosho laini, na kulishona kongosho laini ni kama kushona mahamri yaliyolowa chai: uzi unakata unapokaza, ukilegeza panavuja. Kinachowatenganisha madaktari kipo baada ya thieta. Maji ya kongosho kazi yake ni kusaga chakula, na ule muungano ukivuja, yanaanza kumsaga mgonjwa mwenyewe. Bosi wetu hakuwa mwepesi wa mikono, wapo waliomshinda kwa mbali. Lakini jioni kabla ya kwenda kwake alikuwa akipita wodini kuangalia mipira ya kutolea maji tumboni. Anainua chupa kwenye taa, anaigeuza. Siku ya sita au ya saba ukikuta damu kidogo kwenye mpira, kijiko tu, mgonjwa amekaa anakunywa supu, mtu mwengine angeandika "aendelee vivyo hivyo". Yeye alikuwa akikataa kuondoka. Damu ile ndogo mara nyingi hutangulia ile kubwa, kwa sababu mshipa uliofungwa unaliwa na maji yaleyale. Alikuwa anaamsha watu wa picha, wanaingia kwa mshipa wa paja na kuziba kutoka ndani, na mgonjwa anarudi kitandani kabla mtu yeyote nyumbani kwake hajajua kwamba palikuwa na hatari.

Sasa nikuulize wewe uliye hospitalini: saa nane ya usiku, hapa kwetu, nani ataziba mshipa huo? Damu chupa nane zitatoka wapi? Kitanda cha ICU kipo au kina mtu? Ukipata majibu ya hayo, utakuwa umejua kama kazi hii itafanyika Mombasa. Shahada yako haitayajibu.

Na kuna jambo la wingi. Mwaka 2002 ulichapishwa Marekani utafiti wa wazee waliokatwa kongosho. Kwenye hospitali zinazofanya chache kabisa, walikufa asilimia 16.3, na kwenye zile zinazofanya nyingi, 3.8. Operesheni ile ile, nchi ile ile. Uingereza mwaka mmoja kabla, 2001, walikuwa wameshatoa mwongozo kwamba kituo kimoja cha kongosho kihudumie watu milioni 2 hadi 4, na hospitali nyingine ziache. Madaktari wengi walinuna, maana mtu hapendi kunyang'anywa alichokizoea.

Chukua sensa yetu ya 2019. Mombasa peke yake ni milioni 1.2. Ongeza Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, Pwani nzima inafika milioni 4.3. Maana yake tunatosha kituo kimoja. Kimoja, mwanangu! Wagonjwa tunao. Tatizo letu wamegawanyika: mmoja kwa bima yake hospitali hii, mmoja hospitali ile, wa tatu amepanda treni kwenda Nairobi, wa nne yuko India kwa mchango, na wengi wako nyumbani wanachemsha mizizi. Kila hospitali ikifanya mmoja kwa mwaka kwa kujivunia, hakuna muuguzi atakayeijua damu ya siku ya saba akiiona. Kwa hiyo ukirudi na ubingwa wako, usikubali kuwa pambo la hospitali moja. Anza na kikao. Kila wiki, watu wa picha, wa maabara, wa dawa za saratani na wa upasuaji, wa hospitali zote, mnatazama picha za kila mgonjwa wa manjano wa Pwani kwa pamoja. Kikao hakihitaji jengo jipya.

Kwenye kikao hicho ndiko utakakomjibu Abu Swaleh. Wagonjwa wa saratani ya kongosho, kati ya kila 5 wanaofika, kama 4 hawakatiki tena. Sisi kila Alhamisi tulikuwa tunaona majina yakipita kwenye ukuta na daktari wa kukata anasema "hapana", "hapana", "dawa kwanza halafu tutazame", "hapana". Halafu anatoka, anavaa koti, anakwenda kuwaambia wenyewe. Anakaa chini. Sikumwona hata mara moja akimwambia mtu habari hiyo akiwa amesimama. Daktari wa India aliyewakatalia nyinyi na pesa zenu mkononi, Abu Swaleh, alikuwa anaweza kuzichukua na kupasua. Wapo wanaozichukua.

Habari ya ndoa: wawili kati ya madaktari hodari niliowahi kuwapa kisu ni wanawake wenye watoto. Mume asiyejua kupika asikuoe. Mwambie mama nimesema mimi.

---

Mwanagenzi_wa_Likoni

Bi Kibano, shikamoo mamangu. Hilo la mume nimemsomea mama kwa sauti, amecheka mpaka akaja jirani kuuliza kuna nini.

Abu Swaleh, sijui kama nitaweza. Leo nisingeweza. Lakini nilikuwepo yule mzee wa Kwale alipozinduka na wanawe wakaingia. Daktari aliwaambia yote, na mwana mkubwa akauliza, "Kwa hiyo mumemfungua bure?" Daktari akamjibu, "Kuwashwa kutaisha wiki hii, atalala." Akanyamaza, akawaacha wamuulize tena. Wakamuuliza mara tatu nne, kila mara akajibu kana kwamba ndiyo ya kwanza. Kuwashwa kumeisha kweli. Jana alikuwa anaomba samaki.

---

Kisu_cha_Kilindini

Mimi ni daktari wa upasuaji wa jumla hapa mjini, nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha. Bi Kibano naheshimu uzoefu wako, ila hapo kwenye kituo kimoja unaota. Nani atakubali kumtoa mgonjwa mwenye bima nzuri akampeleka kwa mshindani? Kule kwenu serikali ndiyo mwenye hospitali, ilisema na ikawa. Hapa kila mmoja ana mkopo wa mashine ya CT anaulipa.

Dada, ukija na ubingwa wa kongosho, jua kwamba wiki yako itakuwa ngiri, mawe ya nyongo, apendisi, na ajali za bodaboda za barabara ya Malindi. Kongosho utaliona mara mojamoja. Kama hilo litakuumiza roho, baki Nairobi ukafanye unachokipenda. Sikukatishi tamaa, nakupa picha ya Jumatatu.

---

Bi_Kibano

Daktari, sibishani nawe kwenye mikopo. Lakini wasichana kama huyu wasipoambiwa lolote ila picha ya Jumatatu, nani atakayeitisha hicho kikao? Mgonjwa si lazima ahamishwe mwanzo. Picha ndiyo ihamishwe. Hospitali inabaki na mgonjwa wake, inapata rai ya watu kumi bila malipo. Nani anakataa hilo? Wakishazoeana, daktari wa hospitali moja ataingia thieta ya hospitali nyingine kama mgeni, na muuguzi aliyezoea atamfuata. Nawe na mawe yako ya nyongo ndiwe wa kwanza kumwona mtu wa manjano, kwa hiyo kikaoni kiti chako ni cha mbele.

---

Kisu_cha_Kilindini

Hilo la picha nalikubali. Mtu akiitisha nitakuja, mradi isiwe Ijumaa.

---

Registra_Ugenini

Naongeza kidogo, halafu nina zamu. Abu Swaleh, umesema damu ya mzee ilionyesha homa ya ini ya B. Nyinyi watoto wake mmepimwa?

---

Abu_Swaleh

Hapana. Hakuna aliyetuambia. Tulidhani ni maradhi yake yeye.

---

Registra_Ugenini

Basi mkapime, nyote. Virusi hivi mara nyingi mtu huvipata utotoni, kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watu wa nyumba moja, na hukaa naye miaka bila dalili. Vinaweza kuleta saratani ya ini hata kwa mtu asiyewahi kuonja pombe. Mahindi na njugu zenye ukungu zinaongeza hatari, ile sumu ya aflatoksini iliyoua watu 125 kule Ukambani mwaka 2004. Wale waliokufa walikula nyingi kwa mara moja, lakini kidogokidogo kwa miaka huharibu ini vilevile.

Kipimo ni damu kidogo tu. Asiye nao na hana kinga achanjwe, sindano 3: ya leo, ya baada ya mwezi, na ya miezi 6 tangu ya kwanza. Aliye nao asikae akisubiri maumivu. Atapewa dawa kama anahitaji, na kwa mwenye historia kama yenu ya mzazi ni vizuri afanyiwe altrasaundi ya ini kila miezi 6. Uvimbe ukionekana ukiwa mdogo, hapo ndipo sisi wa upasuaji tunakuwa na la kufanya, maana ini lenye afya hustahimili kukatwa sehemu kubwa na likakua tena.

Wadogo zenu waliozaliwa baada ya chanjo hii kuingizwa kwenye sindano za watoto, mwanzoni mwa miaka ya 2000, huenda wana kinga. Wapimeni hivyo hivyo.

---

Abu_Swaleh

Jumamosi tunafunga duka, tunakwenda sote.

---

Mwanagenzi_wa_Likoni

Abu Swaleh, na mama yenu aende pia. Msimuache nyumbani kwa kuwa ni mtu mzima.